Sahihi ya Bi Harusi

Karatasi ya mahudhurio ilianzia mlangoni ikapita meza kwa meza, na kila mtahiniwa aliyeipata aliinama kidogo, akachora sahihi yake, akaisukuma mbele. Ilipofika meza ya kumi na nne ikakwama. Msichana aliyekaa hapo aliishika kalamu kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ya wenyewe. Hakuwa na sahihi. Miaka kumi na minane duniani, madaftari chungu nzima ameyajaza, hesabu ngumu anazimenya kama karanga, lakini haijatokea hata siku moja mtu akamwambia weka sahihi yako hapa, naye akaiweka.

Msimamizi wa chumba akagonga meza kwa kidole. Akamwambia aandike tu, wenzake wanasubiri. Basi akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wa darasani, herufi zimekaa kwenye mstari kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati, akaisukuma karatasi mbele na kushusha pumzi.

Shuleni walimwita Bi Harusi. Jina hilo alilipata siku mama yake alipomleta mara ya kwanza. Mwalimu akiuliza, mama anajibu. Mwalimu akiuliza tena, mama anajibu. Na binti amekaa katikati, kichwa ameinamisha, mikono mapajani. Mwanafunzi mmoja mwenye mdomo akasema huyu naye ni bi harusi, anasubiri aulizwe kama amekubali. Watu wakacheka, jina likaganda. Hakukasirika. Kwa kweli alilipenda kidogo, kwa sababu mtu aitwaye hivyo hatarajiwi kusema neno.

Mtihani ulikuwa wa Hisabati, wa kwanza kati ya minane. Alikuwa amefika swali la tisa, na mkono umeshapata mwendo, mlango ulipofunguka akaingia msimamizi mkuu wa kituo. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa kamba, na kwapani alikuwa na jalada la fomu za usajili. Alizunguka chumba akilinganisha karatasi ya mahudhurio na fomu. Meza ya kumi hakusimama. Ya kumi na mbili hakusimama. Ya kumi na nne alisimama, akavaa miwani, akaitazama fomu, akamtazama binti, akaitazama fomu tena.

Alisimama hapo muda mrefu. Binti aliliacha swali la tisa, akaendelea na la kumi, lakini namba zilianza kumcheza machoni, saba inakuwa moja, moja inakuwa saba. Aliviona viatu vya yule mzee pembeni ya meza. Havikuondoka.

Wenzake walipotoka, yeye aliambiwa abaki. Karatasi yake ya majibu haikuwekwa na zingine. Ilitiwa kwenye bahasha yake peke yake, ikafungwa kwa gundi, na juu yake msimamizi mkuu akaandika kitu kwa wino mwekundu. Kisha akamgeuzia fomu ya usajili. Pale penye sahihi ya mtahiniwa palikuwa na mchoro mmoja mrefu wa kupendeza, umepinda kama uzi uliofunguka kwenye kibiringo, na nukta mbili mwishoni. Kwenye orodha ya uhakiki, ule ule. Na kwenye picha alikuwa mtoto mwembamba mwenye nywele zilizosukwa, amevaa gauni la kola pana. Binti aliyesimama mbele yake alikuwa na mashavu yaliyojaa na kichwa kilichonyolewa karibu na ngozi.

"Sahihi si hii," msimamizi mkuu akasema. "Sura si hii. Mwaka jana, kituo kingine, tulikamata watatu waliokuja kuwafanyia wenzao mtihani. Sasa nakuuliza kwa upole. Wewe ni nani?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kuliko yote aliyoulizwa siku ile. Alifungua mdomo. Aligeuka kutazama mlangoni, kama alivyozoea tangu utotoni, mtu akiuliza kitu yeye hutazama upande aliko mama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kimya kikazidi kuwa kirefu, na kila kilivyorefuka ndivyo uso wa yule mzee ulivyozidi kukunjamana.

Akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kesho saa moja asubuhi afike na mzazi wake kabla ya karatasi ya pili. Atakuwepo mkaguzi kutoka ofisi ya mitihani. Wasipopata maelezo ya kueleweka, hataingia chumbani, mitihani yake yote itafutwa, na jalada litapelekwa polisi. Binti akaitikia kwa kichwa.

*

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka, kiwanda na sebule. Nguo za watu zimening'inia ukutani bila vichwa wala miguu, na mashine imekaa dirishani ili ipate mwanga. Alipomwona mwanawe anaingia na uso ule alidhani amefeli. Aliposikia habari yenyewe, mguu wake ukaacha kukanyaga, na mashine ikaenda hatua tatu peke yake kabla haijasimama.

Ilichukua muda kumtoa binti maneno. Mama aliuliza, akajibu mwenyewe, akauliza tena. Ni ile fomu? Ndiyo ile fomu. Mimi si ndiye niliyeipeleka? Ni mimi. Siku ile shule iliwaita watahiniwa wote waje kujaza na kuhakiki, naye akamwambia binti abaki asome, mambo ya karatasi amwachie yeye. Alikwenda, akapanga foleni na watoto wa watu, na karani wa shule aliyekuwa amechoka hakuinua hata kichwa. Mahali pa picha alibandika ile aliyoipenda, ya miaka mitatu nyuma, kwa sababu lile gauni alilishona mwenyewe na lilikaa vizuri mabegani. Mahali pa sahihi akaweka sahihi, ile anayoweka kwenye daftari la oda kila mteja anapochukua nguo. Hakuona kosa lolote. Miaka yote alikuwa akimwekea: kadi ya kliniki, fomu ya maktaba, barua ya ruhusa. Mtoto wake, mkono wake.

Kisha akili yake ikaanza kukata na kupima. "Tutasema mkono ulikuwa umevunjika," akasema. "Siku ya usajili mkono ulikuwa kwenye bandeji, mama akasaidia. Kuna dhambi gani mama kusaidia?"

Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono haujawahi kuvunjika.

"Nani atakwenda kuuchungulia ndani? Wewe kaa tu. Wakiuliza nitajibu mimi."

Lakini aliona mwenyewe kwamba hilo halitoshi. Ya leo imeshakwenda. Zimebaki karatasi saba, na kila moja itakuja na orodha yake ya mahudhurio. Ikiwa sahihi zitafanana na ya fomu kuanzia kesho, ya leo itaonekana ni wasiwasi wa siku ya kwanza. Basi akafagia vipande vya kitambaa mezani, akatandaza karatasi ya kaki, ile ya kukatia mitindo, akamkalisha binti kwenye kiti chake cha kazi. Akasimama nyuma yake, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea. Anza juu. Shuka. Zungusha, usinyanyue kalamu. Sasa vuta. Nukta, nukta.

Jua lilipokuwa likiteremka nyuma ya paa la jirani, binti alikuwa ameujaza mchoro mzima wa mkono wa koti kwa sahihi za mama. Za mwanzo zilitetemeka. Za katikati zilinyooka. Za mwisho hata mama mwenyewe aliziinamia, akaziweka sambamba na daftari la oda, akashindwa kutofautisha. Akampiga begani taratibu, akamwambia mwanangu una mkono mwepesi.

Ni hapo hasa hofu ilipomshika Bi Harusi. Shuleni aliogopa kama mtu anayeogopa mbwa: ukifika nyumbani, mbwa amebaki nje. Hii ilikuwa ya ndani. Ilimtisha jinsi ilivyokuwa rahisi. Alijaribu, pembeni kabisa, kuandika jina lake kama alivyoliandika asubuhi, na mkono ukaanza wenyewe kuzunguka kama wa mama. Akaifuta ile kalamu kwa kidole, kana kwamba imepakwa kitu.

*

Baba alikuwa mlinzi. Alilala mchana nyuma ya pazia, akaamka jioni, akaja kukaa kwenye kizingiti kupaka viatu rangi kabla ya kwenda lindo. Alikuwa mtu wa vitendawili; alisema lindo refu bila vitendawili ni sawa na kufungwa gerezani bila kosa, na kila jioni aliwaachia kimoja kabla ya kuondoka.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," binti akaitikia, kwa mazoea tu.

"Ana jicho moja, halii. Ana mkia mrefu, na kila akipita mahali mkia unapungua."

Binti alikijua. Nani alale miaka yote kwenye chumba cha cherehani asikijue? Alivuta pumzi ili aseme, na kutoka kwenye mashine mama akasema, "Sindano na uzi huyo, baba watoto, hebu tuache, leo tuna msiba hapa."

Baba aliacha brashi hewani. Hakumwangalia mkewe, alimwangalia binti, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wazi kidogo. Kisha macho yake yakaenda kwenye karatasi ya kaki, kwenye zile sahihi zilizojipanga kama siafu. Akauliza ni nini. Mama akamweleza yote, na mkono uliovunjika akauweka humo humo, kana kwamba kweli ulivunjika.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mpole kwa mkewe, na wengi mtaani walimcheka kwa hilo. Alifunga kamba za kiatu cha kwanza, akafunga za cha pili, ndipo akasema kwamba yeye si msomi, mambo ya fomu hayajui, ila kazi ya getini anaijua.

"Gari likija, dereva namjua au simjui, namuuliza aliyekaa nyuma: wewe ni nani, unamtaka nani? Akijibu mwenyewe, hata akikosea kidogo, roho yangu inatulia. Akijibiwa na mwingine, hapo ndipo nachukua tochi. Sasa hao watu wa kesho, mama watoto, wale ni walinzi wenzangu."

Mama akamuuliza kwa hiyo anataka nini, mtoto aende akamtaje mama yake afungwe? Baba aliufunika mkebe wa rangi ya viatu. Alisimama, akavaa kofia. Alipopita karibu na binti aligusa kichwa chake kilichonyolewa, akasema kwa sauti ndogo, "Kesho usiniletee hadithi ya mama yako. Niletee yako." Akaenda zake, na mama akaendelea kulalamika na mgongo wake mpaka ulipopotea kwenye kona.

*

Asubuhi mama alikuwa ameshafunga kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa binti, kidogo tu, cha kumbukumbu, akasema, mvunjiko hauishi maumivu upesi. Njia nzima alisema yeye. Usiwatazame machoni sana, watadhani una kiburi. Usiwatazame chini sana, watadhani umeiba. Binti alitembea huku akiona kila mtu wanayepishana naye kama mtu anayejua. Askari wa barabarani alipunga mkono kuruhusu magari, na yeye akajificha nyuma ya mama.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa imeazimwa kwa kazi hiyo. Msimamizi mkuu alikaa pembeni na jalada lake. Nyuma ya meza alikaa mkaguzi, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni. Mbele yake palikuwa na ile bahasha yenye wino mwekundu. Aliwakaribisha viti, akamgeukia binti, akamuuliza amelala salama.

"Amelala, mama, ila mkono unamsumbua," mama akajibu.

Mkaguzi akautazama mkono. Akauliza una nini, na mama akaanza. Alisimulia vizuri; ungemsikia ungeuona mkono wenyewe ukivunjika, ngazi zilizoteleza, ndoo ya maji, bandeji, mganga wa zahanati aliyekuwa na haraka. Mkaguzi hakumkatiza hata mara moja. Mama alipomaliza, mkaguzi alichomoa karatasi nyingine kwenye jalada.

"Usajili ulikuwa wiki ya pili ya mwezi," akasema. "Wiki hiyo hiyo shule ilikuwa na mtihani wa majaribio. Binti yako alifanya masomo yote, na alama zake hizi hapa, nzuri sana. Aliandika kwa mkono upi?"

Kijasho chembamba kilimtoka mama juu ya mdomo. "Aliandika kwa kushoto."

"Kurasa kumi na mbili za hesabu, kwa kushoto."

"Huyu ana akili sana, mama."

Msimamizi mkuu alikohoa, na haikujulikana kama ni kikohozi au kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alimwomba mama akae nje kwenye benchi. Mama akasema, sasa kwa hofu ya kweli, kwamba mtoto huyu bila yeye hasemi, tangu mdogo, ndivyo alivyo.

"Ndiyo maana nakuomba utoke," mkaguzi akasema.

Mlango ulifungwa. Binti hajawahi kusikia mlango ukifungwa kwa sauti namna ile. Alibaki na watu wawili, meza, bahasha, na saa ya ukutani iliyokuwa ikigonga sekunde kama mtu anayesubiri kulipwa. Mkaguzi aliweka kalamu chini, akakunja mikono, akauliza lile lile la jana.

"Wewe ni nani, na nani ameweka sahihi hizi?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Angeweza kuusema kwa pumzi moja. Lakini aliuona mwisho wake: mama kwenye lile benchi, askari anakuja, na mashine ya dirishani imefunikwa kwa shuka. Na mwisho wa uongo nao aliutafuta, ila uongo haukuwa na mwisho. Alitazama mlangoni. Hapakuwa na kitu hapo isipokuwa kitasa. Msimamizi mkuu akaitazama saa, akafungua kalamu, akaanza kuandika kitu, na binti akaelewa kwamba kinachoandikwa pale ni kimya chake.

"Hakuna mkono uliovunjika," akasema.

Sauti ilitoka nyembamba na yenye mikwaruzo, kama mlango wa stoo. Hakuna aliyemsaidia. Akakohoa, akaendelea.

"Mama ndiye aliyeweka. Zote mbili, na picha pia. Mimi nilikuwa nyumbani. Sikuumwa. Aliniambia nibaki nisome, nikafurahi nimeepuka foleni. Sikuuliza fomu ina nini. Sijawahi kuuliza fomu yoyote ina nini."

Msimamizi mkuu akaacha kuandika. "Unajua unamweka mama yako pabaya?"

"Najua."

"Na bado unasema."

Binti akafungua kile kitambaa cheupe. Fundo likakataa, akalifungua kwa meno. "Jana tulikaa jioni nzima nikijifunza sahihi yake. Naweza kuiandika sasa hivi hapa, na hamtaona tofauti. Nikiiandika leo, itabidi niiandike maisha yangu yote. Sitaweza."

Nje kengele ya matayarisho ililia, na sauti za wenzake zikaanza kujaa uwanjani. Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyaona kama mteja anayekuja kabla ya saa, akayaacha mlangoni. Kulikuwa na jambo jingine, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kulisema. Alilifikiria njiani, chini ya maneno ya mama.

Akasema madaftari yake ya hisabati ya miaka yote yako kabatini kwa mwalimu wa somo, aliyakusanya wiki iliyopita. Jina limeandikwa juu ya kila daftari kwa mkono ule ule alioandika jana kwenye orodha. Wayalinganishe. Na kama hiyo haitoshi, humo kwenye bahasha, ambayo tangu ifungwe haijafunguliwa, swali la sita alilianza vibaya, akalikata mistari miwili, akachora pembetatu upya chini ya ukurasa kwa sababu nafasi iliisha. Swali la tisa hakulimaliza. Aliishia kwenye mstari wa tatu, mzee alipokuja kusimama.

Msimamizi mkuu akavua miwani. Akaomba arudie pole pole, akayaandika yote, la sita, pembetatu, la tisa, mstari wa tatu. Mkaguzi akamtuma karani kwa mwalimu wa hisabati. Madaftari yalipokuja, rundo zima, aliyafungua moja moja bila haraka, na binti akayaona majina yake yakipita chini ya kidole cha mkaguzi, ya mwaka wa kwanza makubwa na ya kujikunja, ya mwaka huu madogo na yaliyonyooka. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

"Sikiliza, binti," mkaguzi akasema mwishoni. "Mimi sikuahidi kitu. Bahasha hii siifungui mimi, inakwenda makao makuu pamoja na maelezo yako. Huko wanaweza kuikubali, wanaweza kuifuta. Ikifutwa, mwaka umekwenda. Habari ya mama yako nitaiandika kama ilivyo, na yeye ataandika yake; kitakachoamuliwa sikijui. Leo utaingia chumbani. Hilo ndilo nililonalo."

Akamsogezea karatasi aandike maelezo. Binti aliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa darasani. Mwisho wa ukurasa akaandika majina yake yote matatu. Mkaguzi akauliza kama hiyo ndiyo sahihi yake, akasema ndiyo. Basi asiibadilishe, akaambiwa, mpaka karatasi ya mwisho.

*

Mama aliinuka kutoka kwenye benchi mlango ulipofunguka, macho yake yakatafuta nyuma ya binti, yakimtafuta mtu mzima wa kumuuliza. Hakumwona. Ikabidi amuulize mwanawe.

"Wamesemaje?"

"Nimewaambia ni wewe."

Mama alikaa. Alitazama mkono wa binti usio na kitambaa, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, yenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba watamfunga. Akasema tena. Binti akachuchumaa mbele yake, na kwa sababu hakujua uongo wa kumfariji ambao angeweza kuubeba, akasema hajui.

"Miaka yote hii nakusemea," mama akasema, "na siku umesema, umenisema mimi."

Neno lile lilimwingia binti mahali ambapo hapakuwa na kinga. Angeweza kulia nalo hapo hapo, na mtihani ukaanza bila yeye. Alimshika mama mikono yote miwili.

"Watakuita. Ukiingia, usiseme habari ya mkono. Waambie ulitaka kunisaidia. Ni kweli, mama, na hawana namna ya kuipinga. Nisubiri hapa, nikitoka tutarudi nyumbani pamoja, na baba nitamweleza mimi."

Kengele ya pili ikalia. Akainuka, akakimbia.

Meza ya kumi na nne ilikuwa karibu na dirisha. Karatasi ya mahudhurio ilikuja, akaandika majina matatu, na msimamizi wa chumba akayaangalia akaendelea. Karatasi za maswali ziligawiwa zikiwa zimelala kifudifudi. Kabla hazijageuzwa alitazama nje, ng'ambo ya uwanja, kwenye baraza ya ofisi. Mlango ulifunguka, mkono wa mkaguzi ukaonekana ukiita. Mama alisimama. Alinyoosha gauni lake mbele, akageuka kulia, akageuka kushoto, kana kwamba kuna mtu aliyepaswa kuingia naye na amechelewa. Kisha akaingia peke yake, na mlango ukafungwa.

"Anzeni," msimamizi akasema.

Karatasi zote zikageuka kwa mara moja, sauti kama ya njiwa wengi wakiruka. Bi Harusi akasoma swali la kwanza. Hakulijua. Kalamu ikateleza kwa jasho, na kwa kitambo alichosikia kilikuwa mlango ule tu ukifungwa. Akafuta kiganja kwenye sketi. Akasoma la pili. Hilo alilijua.

Akaanza hapo.